Kodi yetu na vijidudu vya majaruba

Maji ya majaruba ya chumvi, kama yale ya Bagamoyo, jua likiyakausha mpaka yakawa mazito, huanza kuingia wekundu. Rangi hiyo ni ya vijidudu vinavyostawi kwenye chumvi ambayo ingeua karibu kila kiumbe kingine. Je, kodi yetu imlipe mtafiti avichunguze?

Anayekataa ana hoja. Mjamzito anaambiwa aende kujifungua na glavu zake, mgonjwa anaandikiwa dawa akanunue nje. Hapo vijidudu vya majaruba vinaonekana anasa tupu. Ila sijaona mahali ambapo kunyima utafiti fedha kumeleta glavu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Francisco Mojica wa Uhispania alikuwa akichunguza kijidudu cha majaruba ya Santa Pola. Kwenye vinasaba vyake akakuta vipande vinavyojirudia kwa mpangilio, akahangaika miaka kujua kazi yake. Kumbe ni kinga dhidi ya virusi! Juu ya kinga hiyo wengine wakajenga mbinu ya kuhariri vinasaba iliyotunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2020. Mfanyabiashara gani angegharimia swali kama lile? Subira ya namna hiyo hulipiwa na umma.

Kinachonitia wasiwasi ni faida inakokwenda. Mwaka 1966 Thomas Brock, kwa ruzuku ya serikali ya Marekani, alipata bakteria kwenye chemchemi za moto za hifadhi ya Yellowstone. Kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kinastahimili joto kali, na ndicho kilichorahisisha kipimo cha PCR tulichokizoea wakati wa Uviko. Mwaka 1991 haki za PCR ziliuzwa kwa dola milioni 300. Hifadhi haikuambulia hata senti.

Bagamoyo si mgeni wa utafiti: Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo pale, na chanjo za malaria za RTS,S na R21 zilijaribiwa kwa watoto wa huko. Lakini sehemu kubwa ya fedha ilitoka nje, na mwenye fedha ndiye huchagua swali. Malaria ina wafadhili, vijidudu vya majaruba havina mvuto huo. Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijaifikia.

Mimi naona tulipe, tena tuanze na kidogo. Ila mkataba wa nani anamiliki nini usainiwe kabla chupa ya kwanza ya maji haijachotwa.