Kabla hujafunga AC kwenye nyumba ya zamani, panda juu uangalie bati

Kila ikifika Januari Dar hii ni kilio kimoja tu, LUKU inakula hela, LUKU inakula hela. Ukienda kwa anayelia unakuta nyumba ya kizamani ya matofali ya sementi, ndani kapiga tailizi, madirisha katoa ya luva kaweka ya aluminiamu, alafu AC inahema chini ya bati lililopauka kwa kutu. Hela yote imeenda sehemu zinazoonekana na mgeni, juu hajagusa mtu tangu mzee mwenye nyumba yupo kazini.

Maoni yangu ni kwamba nyumba za zamani za huku Pwani hazina shida kubwa kama tunavyozisema, nyingine tumeziharibu wenyewe kwa kuzifanya za kisasa. Na video za mtandaoni hazitusaidii sana, zile za Wazungu wanajaza sufi ukutani na kuweka vioo viwili viwili dirishani, maana wale wanapigana na baridi. Sisi Dar tupo kama nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, jua la mchana halitupigi ubavuni, linatupiga utosini, na utosi wa nyumba ni paa. Bati likishapata moto linaishushia siling hilo joto, siling nayo inakushushia wewe, mpaka chumba kinakuwa kama umekaa ndani ya sufuria lenye mfuniko.

Kwa hiyo anza huko. Bati kuukuu lisugue kutu, lipige praima, alafu lipake rangi nyeupe ya mabati. Nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka, wakati bati lenye kutu linalimeza. Najua haina mvuto, watu saivi wanataka msauzi wa damu ya mzee au kijivu cha mkaa, sawa, linapendeza ukilitazama ukiwa barabarani, ila anayelala chini yake ni wewe. Nyeupe itachafuka kwa vumbi, ndiyo, utaiosha. Kama unabadilisha paa kabisa, mwambie fundi aweke foili ya kung'aa chini ya bati, na umsimamie hasa, maana wengi wanaibandika igusane na bati na hapo inakuwa pambo tu, lazima ibaki nafasi ya hewa katikati. Na acha matundu yenye wavu pande mbili za kenchi, hewa ya moto ipate pa kutokea.

Madirisha sasa. Luva tunazidharau, ila luva ukiifungua imefunguka yote, ile ya aluminiamu ya kusukuma ukiifungua sana sana umepata nusu dirisha, nusu nyingine kioo kimekaa pale kinakuzibia upepo, na huku tumejaliwa kusi na kaskazi bila kulipia. Alafu yale matundu ya hewa juu ya dirisha, watu wanayaziba na sementi eti mbu. Mbu dawa yake wavu jamani! Mchana ukuta wa sementi unakunywa jua, usiku ndo unalitoa, ndo maana saa nne usiku nje kunapepea na ndani unatoka jasho. Ukuta wa magharibi ndo mbaya zaidi, hilo jua la jioni linaingia chini chini, pazia la ndani halisaidii kivile kwa sababu joto limeshapita kioo. Weka kivuli nje, kibaraza, turubai, au panda mwarobaini usubiri.

Baada ya hapo kama bado unataka AC, funga, mi sio adui wa AC, kuna usiku wa Februari ambao feni inapuliza joto tu. Ila piga hesabu kwanza. AC ndogo ya chumbani inavuta kama kilowati moja ikiwa inafanya kazi, hata tukisema inajizima na kuwaka ikala uniti 5 kwa usiku, uniti 75 za tarifu ya chini zinaisha katikati ya mwezi na hujapiga hata pasi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi ni uniti 0.6, mwezi mzima ni 18. Kwa hiyo AC iwe ya chumba kimoja, na chumba hicho kizibwe haswa, kufunga AC kwenye chumba cha luva ni kupoza mtaa.

Balbu sitaki hata kuongea, kama bado una zile za wati 60 toa leo, ya LED ya wati 9 inatosha na haikuongezei joto. Friji la mtumba angalia mpira wa mlango, bana karatasi mlangoni uivute, ikitoka kirahisi baridi nayo inatoka hivyo hivyo.

Wapangaji najua mtaniuliza, bati si langu nipake rangi ya nini. Hapo ni kuongea na mwenye nyumba mkatane kwenye kodi, na muandikishane kabla hujanunua hata ndoo moja, kwa sababu wapo wenye nyumba ambao paa likishapoa wanapandisha kodi.