Sigara au miamala: hisa ipi inastahimili kodi?

Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, wenye hisa za Kampuni ya Sigara Tanzania (TCC) hutega sikio kwenye ushuru wa bidhaa. Wapo wanaoshauri watu wahamie hisa za malipo ya simu, kwa hoja kwamba huko serikali haina sababu ya kubana. Hoja hiyo naiona ina pengo.

Ushuru wa sigara hapa nchini hutozwa kwa kila sigara 1,000, si kwa asilimia ya bei, na sigara yenye tumbaku ya nyumbani zaidi ya asilimia 75 hupata unafuu, jambo linalomlinda mkulima wa Tabora. Piga hesabu. Ushuru ukiongezwa shilingi 5,000 kwa sigara 1,000, ni shilingi 5 kwa sigara moja. Nenda Kariakoo kwenye kibanda ambacho pakiti iko wazi na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba: hakuna chenji ya shilingi 5 pale. Bei ya sigara moja hupanda kwa sarafu ya 50 au 100, la sivyo haipandi. Ikipanda kwa 50, ushuru mpya umechukua 5 tu, na sehemu kubwa ya inayobaki iko mikononi mwa wafanyabiashara. Mvutaji analipa, kwa sababu mwili wake umeshazoea.

Sasa tazama malipo. Hisa za Visa na Mastercard, kampuni za malipo ya kadi, zinauzwa kwenye soko la New York. Kwenye soko la Dar es Salaam, anayetaka miamala ya simu anaishia kwa Vodacom, iliyouza hisa zake kwa shilingi 850 mwaka 2017. Julai 2021 ikaja tozo ya hadi shilingi 10,000 kwa muamala. Watu hawakulalamika tu, walirudi kwenye noti. Mtumaji wa pesa ana pa kukimbilia, mvutaji hana. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, lakini mawakala walikuwa wameshaumia.

Kwa kipimo cha kodi peke yake, basi, sigara inashinda. Hata hivyo, mimi ningeweka pesa yangu kwenye malipo. Tozo ya miamala inamgusa karibu kila mpiga kura, hivyo serikali ikizidisha hulazimika kurudi nyuma. Tena TRA yenyewe inanufaika malipo ya biashara yanapobakiza kumbukumbu. Kwenye sigara, Shirika la Afya Duniani linataka kodi ifike walau asilimia 75 ya bei ya rejareja, na naliunga mkono kwa moyo wote: ushuru upande kwa kishindo, kijana wa kibandani ashindwe kununua, badala ya kudonoa shilingi 5 zinazomwacha na uraibu wake. Gawio linalotegemea mvutaji asiweze kuacha silitaki.

Kuna vikwazo pande zote mbili. JTI, kampuni ya tumbaku ya kimataifa, inashika asilimia 75 ya TCC, kwa hiyo hisa zinazozunguka sokoni ni chache na kuuza kwa haraka ni kazi. Na anayenunua Vodacom hanunui M-Pesa peke yake: ananunua pia minara, vifurushi na masharti ya usajili wa laini. Muulize dalali wako faida inatoka wapi hasa kabla hujasaini.