Hapana, sijafukuzwa nyumba

Jumamosi iliyopita nilituma picha kwenye grupu la familia. Nimekaa mlangoni mwa hema, kikombe cha kahawa mkononi, nyuma yangu ziwa na uwanda wa Hardangervidda. Nilidhani watasema pazuri. Haikupita nusu saa mama akapiga: "Mwanangu, kodi imekushinda?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Nakata simu, nakuta shangazi kashafungua mchango. Jina langu liko juu, yeye namba moja elfu ishirini, mjomba kaahidi elfu kumi mwisho wa mwezi.

Simlaumu mtu. Kwetu anayelala nje ni mlinzi, ni mtu wa msibani, au ni mtu aliyetolewa vyombo. Nitawaelezaje kwamba huku Norway watu wenye nyumba zenye sakafu ya joto, Ijumaa ikifika wanatoka kwenda kulala chini, kwa furaha? Wana sheria ya mwaka 1957 inayomruhusu yeyote, hata mimi mgeni wa juzi, kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa. Masharti ni kukaa mita 150 kutoka nyumba ya mtu, na usizidishe siku mbili bila ruhusa pale palipo jirani na watu. Hakuna geti wala risiti, na hakuna kijana wa mgambo wa kukumulika na tochi akitaka ya soda.

Ila hayo siyo yaliyonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu ya begi la bosi.

Tulikwenda wanne kutoka kazini. Kwenye maegesho bosi akatoa begi lake, akaliegemeza kwenye tairi ili afunge kamba za viatu. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nimeshalinyanyua, limeshafika begani, ndipo nikasikia ananiuliza kama kuna kitu kinavuja. Hakuwa anatania. Hakuna mahali kichwani mwake palipomwambia kuwa mtu mwingine anaweza kumbebea hema. Nikalirudisha chini, nikasema nilikuwa napima uzito. Kilo kumi na nane hivi. Mabega yangu bado ni mizani.

Maana mimi Kilimanjaro nimepanda misimu miwili, njia ya Machame, na sikuwa mgeni, nilikuwa mpagazi. Wa Moshi mmeshanielewa. Mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20, mengine tuyaache. Hema la mgeni, meza yake, viti vyake, na kile choo cha kubeba ambacho kila asubuhi wagumu, ndivyo wapagazi tunavyoitwa, wanakwepana nacho. Mgeni anapanda pole pole na kiongozi wake, wewe unampita ukihema, ili akifika akute hema limesimama na maji ya kunawa yana moto. Usiku unalala messi, hema la kulia chakula, lakini subiri kwanza wageni wamalize kula na stori zao. Halafu mnajipanga kama dagaa, miguu ya huyu usoni kwa yule, mafuta ya vitunguu yamenata kwenye turubai. Pale kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee, baridi haishuki toka juu. Inapanda toka kwenye mawe, na chini yako kuna nailoni na koti.

Huku aliyelala kwenye hema ndiye aliyelibeba. Sina jingine la kusema, na linanisumbua wiki nzima.

Nimeulizwa inboksi nalala kwenye nini, nijibu haraka. Mwenzetu mmoja alikuja na machela ya kutundika kwenye miti. Vidda, huo uwanda wa Hardangervidda, haina miti! Akaishia kujiviringisha nayo chini kama sambusa. Hata kwenye miti, upepo unapita chini ya mgongo na ukilala begi la kulalia linabonyea, joto lote linakwisha. Halafu machela wazee wetu waliijua kwa upande wa mabegani, mkoloni akiwa ndani, kwa hiyo sina hamu nayo. Gari ndilo nalipenda Oktoba, mvua ya Bergen ikishaanza: laza viti, tupa godoro, acha kioo wazi kidole kimoja, la sivyo asubuhi pumzi yako inakudondokea. Jiko usiwashe ndani. Tumezika watu kwa jiko la mkaa chumbani, sina haja ya kueleza. Shida ya gari ni kwamba haliachi barabara, na wenyeji wanalidharau, wanaona ni kulala kizee.

Kwenye hema nilitamba, niseme ukweli. Bosi ana lile refu kama handaki, bila vigingi halisimami, na tulipopiga kambi ni jiwe tupu. Nikamfungia kamba kwenye mawe makubwa, fundo la Barafu, dakika chache limekaza kama ngoma. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema nyumbani. Akasema ndiyo, nyie Waafrika mmezoea kulala nje. Huyo ndiye yule yule wa begi.

Sasa nawasikia. "Miaka saba Ulaya umeanza kudharau kazi inayosomesha watoto wa Machame." Kaka, ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye mabega haya, usinifundishe. "Wageni wakibeba wenyewe, wagumu watakula nini?" Hiyo ni hoja nzito, na mimi sijasema wabebe. Mlima ule si Vidda, na tipu ya siku sita naijua ilivyotuokoa. Nauliza kidogo tu: aliyebeba hema, kwa nini alale pasipo hema? Hema la watu wawili ni kilo tatu. Choo cha mgeni kimepata mbebaji, hilo linakosaje? Msiniambie gharama. Nimeona bei ya mgeni, na nimeona karatasi yangu ya malipo.

Na wale wa Oslo wanaosema nimetoroka turubai nikalifuata tena kwa hiari, cheka tu. Nililala kwa saa tisa nzima, peke yangu, miguu nimeinyoosha.

Mchango ulifika elfu themanini na tano kabla sijauzuia. Nikamwandikia shangazi asirudishe, ampe binamu anunue begi la kulalia la maana pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, maana wiki ijayo anapanda. Akasoma, akakaa kimya muda, halafu akajibu: "Sawa. Ila mwanangu, ukikwama huko porini sema. Tusije tukajifanya hatujui."