Kutotulia si ukaidi

Mgonjwa wa akili anayekataa dawa, huku kwetu Unguja na Pemba, huitwa mkaidi, na wanaomwita hivyo si watu wabaya, kwani ndio waliokesha naye alipokuwa akisikia sauti asizozisikia mwengine. Hoja yao ina uzito. Uchambuzi wa majaribio 65 uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba, ndani ya mwaka mmoja, maradhi yaliwarudia watu wapatao 27 katika kila 100 walioendelea na dawa, na 64 katika kila 100 waliopewa badala yake vidonge visivyo na dawa ndani.

Takwimu hizo, hata hivyo, hazielezi anachokihisi mtu mwilini. Kijana mmoja wa Chake Chake, ninayemjua tangu utotoni, alianzishiwa haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, na sauti zikanyamaza, lakini wiki ile ile akawa hawezi kumaliza sahani ya wali: hutia tonge mdomoni, huinuka, huenda mpaka mlangoni, hurudi, hukaa, na miguu haiachi kuukwangua mkeka. Mama yake akaona maradhi yamerudi, dozi ikaongezwa, na kijana akazidi kuhangaika hata akawa anaikimbia siku ya kliniki.

Hali hiyo ya kutotulia, inayoletwa na dawa yenyewe, huitwa akathisia. Dawa hizi huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia pia kuongoza mienendo ya mwili, na ndiyo maana wengine hutetemeka, au shingo huwapinda na macho yakaelekea juu, jamaa wakadhani shetani amepanda, ilhali sindano moja ya dawa inayofaa kwa kawaida huwarejesha katika hali yao ndani ya saa moja. Akathisia inanitia uchungu zaidi kwa kuwa inafanana na wazimu wenyewe, na anayeieleza hasadikiwi. Tena imehusishwa na fikra za kujiua.

Dawa mpya kama olanzapini huileta kwa uchache, ila huongeza uzito na kukaribisha kisukari, hivyo nazo zinataka mizani na kipimo cha sukari. Wala sisemi dawa ziachwe, maana kuziacha ghafla ni hatari. Naomba tu tuulize kwanza: mahangaiko haya yalianza kabla ya dozi au baada yake?

Kijana yule hatimaye aliulizwa, na daktari mwengine, akajibu kuwa kichwa kimetulia, ni miguu isiyomwachia. Dozi ikapunguzwa, akapewa propranololi, dawa ya kupunguza kutotulia huko, na sasa kliniki huenda mwenyewe.