Besi ya Breki

Gari langu ni IST, na redio yake ilishuka nayo melini kutoka Japani. Kila fundi niliyepita kwake amenishauri niing'oe, niweke zile zenye kioo kikubwa kama sinia la pilau. Nimegoma. Redio ile imekaa kwenye dashibodi kama jino kwenye ufizi. Isitoshe, wezi wa Dar wanaijua: wakichungulia dirishani wakaona maandishi ya Kijapani, wanaiacha, wanaondoka na saiti mira.

Ulemavu wake naukubali. Kwao FM inaanzia 76, na redio kama yangu inakomea 90, wakati stesheni zetu sisi zimejipanga kuanzia 88 mpaka 108. Ukiiacha hivyo hivyo utaambulia stesheni mbili tatu na mikwaruzo. Dawa yake ni ekspanda, kidude kama kiberiti kinachochomekwa kwenye waya wa antena ili kishushe masafa. Changu kinashusha 20, kwa hiyo stesheni ya 105 mimi naikuta 85. Abiria akiniambia "weka mia na tano", inabidi nitoe kwanza. Halafu kuna yule dada wa Kijapani. Kila nikiwasha gari ananisemesha kwa adabu zote, na mwaka mzima nilikuwa namwitikia "marahaba", hadi jamaa mmoja aliyesoma kule aliponiambia kwamba hanisalimii, analalamika kadi ya kulipia barabara haijachomekwa.

Kilichonikosesha raha ni besi. Singeli ndani ya gari lile ilisikika kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo la maziwa. Nikajipinda, nikanunua Kariakoo wufa ya mtumba na amplifaya yake kwa laki mbili na nusu, nikaenda kwa fundi wa kijiweni.

"Redio haitoki," nikamwambia hata salamu bado.

"Haitoki, bosi. Tunadokoa."

Redio za namna ile nyuma hazina tundu la kupelekea sauti kwenye amplifaya, kwa hiyo fundi anaidokoa kwenye waya za spika za nyuma, anaipitisha kwenye konvata inayoipunguza nguvu, ndipo inaingia. Moto wa amplifaya unatoka kwenye betri moja kwa moja, fyuzi yake ikiwa hapo hapo karibu na betri, na ethi inafungwa kwenye bodi. Yote hayo aliyafanya vizuri, simsingizii. Ukabaki waya mmoja mwembamba, wa rimoti. Kazi yake ni kuiamsha amplifaya redio inapowashwa na kuilaza redio inapozimwa, na unatakiwa utoke mbele, upite chini ya kapeti mpaka kwenye buti.

Waya ukaishia siti ya nyuma.

Jua lilikuwa linazama na duka la waya limeshafungwa. Fundi akachukua tesita, akapenyeza mkono nyuma ya taa ya nyuma, akachokonoa, tesita ikawaka. "Moto si huu hapa!" Akaunga, akazungushia solotepu. Mimi niko kwenye usukani, injini inaunguruma, mguu wangu wa kulia uko pale unapokuwaga siku zote. Gari ni otomatiki, na aliyenifundisha kuendesha alinitia hofu kwamba likishawashwa, breki haiachiwi hata kwa kupiga chafya. Wufa ikanguruma, chipsi za jirani zikarukaruka kwenye karai. Nikalipa, nikaongeza na hela ya soda.

Njiani besi ikawa inakuja na kuondoka. Barabara ikiwa wazi, kimya. Nikifika kwenye foleni, hii hapa. Nikajua ni wimbo wenyewe. Singeli hizi nani anajua zinavyokwenda?

Kesho yake asubuhi nikatumwa kumpokea mama mkwe stendi ya Magufuli, Mbezi. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikapakia gunia la viazi, ndoo ya asali, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Jogoo akakosa pa kukaa isipokuwa juu ya boksi la wufa. Mama akaingia siti ya nyuma, maana si mtu wa kukaa bega kwa bega na mkwewe. Nikamwekea kwaya, sauti ya chini kabisa, kama ya hospitali.

Tuta la kwanza, nikagusa breki.

DUU!

Jogoo akapiga kelele kama anachinjwa. Nikaachia breki, kimya. Kwaya ikaendelea kuimba taratibu kana kwamba haihusiki.

"Baba Neema," mama akasema, "nyuma kuna nini?"

"Jogoo, mama."

"Jogoo namjua mimi. Nauliza hicho kinachompiga."

Pale Kimara watu wanavuka kwenye zebra. DUU! Jogoo akajibu. Kondakta wa daladala ya pembeni akatoa kichwa, akaanza kucheza. Nikashusha sauti, haikusaidia, maana fundi alikuwa ameifungulia amplifaya mpaka mwisho. Nikaizima redio kabisa. Afadhali? Thubutu. Sasa kila nikikanyaga breki ile amplifaya inaamka bila cha kupiga, inatoa kishindo kikavu kimoja: TUP. Ikilala, nikikanyaga tena: TUP. Mtu hasa anabisha mlango.

"Karibu!" akasema mama mkwe. Nikamwangalia kwenye kioo. Hakuwa anatania. Mkono mmoja ameshika rozari, mwingine ameshika mlango.

"Mama, ni muziki tu, una hitilafu."

"Redio si umeizima?"

"Nimeizima."

"Na bado anabisha." Akanyamaza mpaka mbele kidogo, TUP nyingine. "Baba Neema, nimemchunguza. Anabisha tukisimama. Basi usisimame, twende tu."

Barabara ya Morogoro, asubuhi, usisimame. Nilijaribu, Mungu anaona. Nikawa natambaa umbali wa magari matatu nyuma ya lililo mbele yangu, na kila nafasi niliyoiacha ikajazwa na bodaboda. Huko nyuma wanapiga honi kama harusi. Mwendo ule ndio uliomvutia trafiki. Akanipungia mkono, nikasimama kwa TUP na kelele za jogoo.

Leseni akaiona. Bima akaiona. Kizimamoto nikakionyesha. Akazunguka nyuma. "Washa taa." Sawa. "Indiketa." Sawa. "Kanyaga breki."

TUP!

Akaruka hatua mbili nyuma, kofia akaidaka hewani. Akafikiri kidogo. "Achia. Kanyaga." TUP, jogoo. "Washa redio. Kanyaga." DUU! "Achia." Kimya. Tukafanya hivyo mara tano, na naapa mara mbili za mwisho hazikuwa za ukaguzi. Akaja dirishani anafuta machozi.

"Mzee, fundi wako kachukua moto kwenye taa ya breki. Taa ikiwaka, na muziki unawaka."

Mama mkwe akateremsha kioo. "Kwa hiyo hamna mtu?"

"Hamna mtu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Asante mwanangu, maana huyu alikuwa ananificha."

Jogoo tulimla Jumapili. Alichemka saa tatu na bado mgumu, na mama akaeleza mezani, bila kuniangalia, kwamba kuku akifa na mshtuko nyama haiivi.

Jumatatu nikarudi kijiweni na waya wangu mwenyewe, mita sita. Fundi aliposikia habari alicheka mpaka akakaa chini, halafu akafungua kapeti, akaupitisha waya hadi mbele, akaunga kwenye moto wa eksesari, ule unaokuja swichi ikizungushwa mara moja. Hakunidai hata senti. Wakati anafunga, kijana wa bajaji aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri zamu yake aliomba nimsimulie tena, hasa pale kwenye zebra ya Kimara. Nikamsimulia. Akatikisa kichwa taratibu, akamgeukia fundi.

"Sasa hiyo ya breki, kunifungia mimi ni shilingi ngapi?"