Meno ya Juu Sina Neno Nayo

Jamani, wacheni niseme. Watu wanadhani ukipewa seti nzima ya meno ya bandia, ya juu na ya chini, umepewa kitu kimoja. Wapi! Umepewa watu wawili wasiofanana hata chembe. Wa juu ni mstaarabu. Analala kwenye kaakaa, utando mwembamba wa mate unapita katikati, hewa inatoka, basi, kanata. Unaweza kuongea, kupiga miayo, hata kucheka kidogo ukiwa na adabu. Wa juu sina neno naye.

Ila huyu wa chini! Huyu hana kaakaa la kunata. Ni ukingo tu uliopinda, katikati pako wazi, na hapo pa wazi ndipo anapoishi ulimi. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Ni kweli, lakini mabega unayo. Ukitaka kusema neno, ulimi unamsukuma wa chini kutoka ndani. Ukitabasamu, mashavu na mdomo vinamsukuma kutoka nje. Bwana wa chini anaelea hapo katikati. Nikipiga chafya ninaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na watu wananisifu kwa usafi. Mimi usafi siufikirii wakati huo. Ninadaka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangu walikuja, mwenyeji akatoka vidonda.

Tena hata kabla ya vidonda kuna habari ya mate. Mdomo wa binadamu akili yake ni fupi mno: umehisi kitu kigumu kimeingia, umekata shauri kwamba ni chakula, haya, leteni mate! Yanakuja mate ya karamu na karamu yenyewe haipo. Siku za mwanzo nilikuwa nameza, nameza, nameza, mpaka mtu niliyekuwa naongea naye akaniuliza kwa huruma, “Mzee, kuna msiba?” Daktari alisema hali hiyo hupungua yenyewe mdomo ukishaelewa, na kweli imepungua. Lakini mdomo wangu ni mzito wa kuelewa.

Halafu herufi. Meno ya mbele yakihama hata unywele mmoja, s na f zinapoteza njia. Kwenye mkutano wa wakazi nikapewa kusoma kumbukumbu. Nikafungua karatasi, sentensi ya kwanza: “Sisi sote tulisisitiza usafi.” Nani aliandika sentensi hiyo? Ana kisa gani na mimi? Nikaanza: “Ssssiii…” ukatoka mluzi, mtoto wa jirani akageuka akidhani anaitwa. Katibu akanipokonya karatasi kwa heshima zote.

Dawa yake wanasema ni kusoma kwa sauti kila siku, polepole, na maneno magumu uyarudie. Basi nikajifungia chumbani mbele ya kioo: sisimizi, siasa, sufuria, fisi, fununu. Mama watoto akasimama mlangoni akasikiliza, akaenda zake akamwambia dada yake kwa simu kwamba mzee sasa anatongoza kioo. Nimesoma mahali kwamba Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alitengenezewa meno ya bandia yaliyoachwa yakae kwa kulegea makusudi, ili asipoteze kitembe chake, kwa kuwa Waingereza walishaizoea sauti ile redioni. Mwenzangu kitembe kilihifadhiwa kama mali ya taifa. Changu kila mtu anataka kiondoke, na vita sijashinda hata kimoja.

Kula ndiko kwenye kesi kubwa. Zamani mkate niliung'ata nikiwa nimesimama, natafuta viatu. Sasa ni kazi yenye taratibu. Kwanza unakata vipande vidogo. Usivamie kwa meno ya mbele, maana ukibonyeza mbele, nyuma kunanyanyuka, na unabaki na mkate mkononi na meno ndani ya mkate. Kisha unatafuna pande zote mbili kwa pamoja, kushoto kidogo, kulia kidogo, ili seti isiinamie upande. Nani ametafuna hivyo tangu kuzaliwa? Mimi nilikuwa mtu wa kulia miaka yote. Tena nguvu yenyewe ya kutafuna ni robo tu ya ile ya meno ya asili, na kwa wengine haifiki hata hapo. Nyama yenye ukaidi tunaangaliana tu, kila mtu anajua nani atashinda.

Na chai! Plastiki ikishafunika kaakaa, ule mlinzi wa kukwambia “moto huo” hayupo tena. Chai inapita mdomoni kimya kimya, inakuja kujitambulisha kooni. Hapo ulishameza.

Sasa vidonda. Ukitaka kujua ufizi una kumbukumbu, uache usuguliwe na kinundu cha plastiki ambacho hata kwa jicho hukioni. Mahali padogo kuliko punje ya mchele panakukosesha usingizi mtu mzima. Na hapa kuna jambo lililoniudhi kwa dhati: ukiumia, akili inakwambia yavue, uyafunge kwenye kitambaa, usubiri siku ya kumwona daktari. Ukifika ufizi umeshapona, daktari anachungulia na taa yake, anasema, “Sioni kitu.” Kumbe inatakiwa uyavae siku ile au ile ya kuamkia, uende na alama mbichi, aone pekundu palipo, ndipo apake rangi yake ya kutafutia, asage kidogo pale pale panapogusa. Yaani ili utibiwe maumivu, uyabebe mwenyewe mpaka mlangoni kama ushahidi.

Msije mkasaga wenyewe, nawaomba. Kuna jirani yangu alichukua tupa. Tupa, ndugu zangu, ile ya kunolea panga. Akasaga pembeni anapoumia, akaona raha, akaongeza. Leo meno yake yakigusana upande mmoja, upande wa pili yanapungiana mkono. Gundi nayo isiwe ya kupaka kama mtu anayejenga ukuta. Vitone vidogo vichache vinatosha, na meno yawe makavu kwanza. Zipo gundi zenye zinki ndani yake, na mtu akijipaka nyingi kwa muda mrefu, zinki inaweza kuupunguzia mwili shaba na kuharibu mishipa ya fahamu. Nilipoambiwa hivyo niligeuza tyubu yangu nikasoma maandishi yote kwa kioo cha kukuzia, hata namba ya simu ya kiwanda nikaisoma. Na kama kila wiki unahitaji gundi zaidi ya wiki iliyopita, tatizo si gundi. Meno hayakai tena.

Kwa nini hayakai? Hapa ndipo nilipovuliwa kofia. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya uliokuwa umelishika unaona hauna kazi, unaanza kunywea. Unanywea sana mwaka wa kwanza, halafu unaendelea taratibu maisha yote. Na mfupa upi unanywea zaidi? Wa chini! Wa chini tena! Kwa hiyo mimi nimelipia kitu kigumu kikalie kitu kinachoyeyuka, na nikilalamika kwamba kimelegea naambiwa, “Ni kawaida, tutakuwekea tabaka jipya kwa ndani.” Tabaka likawekwa, kweli yakabana vizuri. Mpaka mfupa uamue tena.

Usiku lazima yavuliwe, ufizi upumue. Ukilala nayo kila siku, fangasi wanajenga kijiji kati ya plastiki na kaakaa, panakuwa pekundu, pengine bila hata kuuma. Unayapiga brashi laini kwa sabuni ya maji, maana dawa ya meno ya kawaida inayakwaruza, na vijidudu vinapenda michirizi hiyo. Unayasafishia juu ya beseni lenye maji, kwa sababu yanateleza, na sakafu haina huruma. Kisha unayaloweka. Maji yasiwe ya moto, yatapinda, na yakipinda hayana mjadala. Mjukuu wangu ameshajua ratiba. Kila jioni analeta kiti, anakaa mbele yangu, anasema, “Babu, toa.” Nikitoa anapiga makofi. Juzi alileta rafiki zake.

Nikitaka kujifariji namfikiria George Washington. Alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Seti yake ilichongwa kwa meno ya kiboko, na ya juu na ya chini ziliunganishwa kwa springi, kwa hiyo ilibidi abane taya wakati wote ili mdomo usifunguke wenyewe. Ukimtazama kwenye picha zake kafumba mdomo kwa nguvu, watu wanasema ni busara. Mimi namwelewa mwenzangu.

Wiki hii daktari kanikalisha chini, kaniambia ipo njia ya kumtuliza huyu wa chini moja kwa moja: unawekewa skrubu mbili za madini ya titani ndani ya mfupa wa taya, meno yanabofywa juu yake kama kifungo, yanashika. Nikamuuliza, na wa juu? Akasema, “Wa juu wako hana shida, mwache.” Si nilisema? Mmoja ananata kwa mate tu, mwenzake hatulii mpaka apigwe skrubu. Nimemwambia daktari nitafikiria. Kwa leo anisagie hapa kushoto chini, na safari hii nimekuja nayo mdomoni, pekundu panaonekana hata bila taa.