Kubadilisha maneno katika lugha ya programu ya C: nani aombe kumbukumbu?
"Safari ya Dar" ina baiti 13, ukihesabu na nafasi. Toa "Dar" uweke "Dar es Salaam" zinakuwa 23, na baiti ya sifuri inayofunga maneno inafikisha 24. Nafasi hiyo aitafute nani, fanksheni inayobadilisha au aliyeiita?

Wanaotaka fanksheni iombe yenyewe kwa malloc, amri ya C ya kuomba kumbukumbu, wana hoja nzito: ni yenyewe tu inayojua neno limejirudia mara ngapi. Inapita mara ya kwanza ikihesabu, inaomba nafasi inayotosha, inarudi kuandika. Gharama yake ni kwamba anayepokea pointa, yaani anwani ya nafasi hiyo, lazima akumbuke kuirudisha kwa free. Akisahau ndani ya kitanzi, kumbukumbu inavuja hadi seva inalemewa.

Kuna pia lile kosa la kusahau baiti ya sifuri, ambalo limewahi kunikesha. Ukiomba 23 kwenye Linux ya biti 64 yenye glibc (maktaba ya C inayoleta malloc), programu inakwenda vizuri tu, kwa kuwa malloc hukupa 24 hata hivyo. Refusha sentensi kwa herufi moja, uombe 24 uandike 25, na ile sifuri inaangukia pale malloc inapoweka ukubwa wa kipande kinachofuata. Programu inakuja kufa mbali, kwenye free isiyo na hatia. Kompaili kwa -g na -fsanitize=address, kikaguzi cha kumbukumbu, kisha uiendeshe: itakuonyesha mstari ulioandika vibaya, hata kwa zile 23.

Upande wa pili unasema mwitaji alete bafa, yaani nafasi aliyoitenga mwenyewe, na ukubwa wake. Kwenye kifaa chenye kilobaiti chache, hilo ndilo la busara. Watengenezaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD walileta strlcpy, fanksheni ya kunakili maneno, mwaka 1998 kwa mtindo huo. Glibc wakaikataa mwaka 2000, wakikubali 2023 tu katika toleo la 2.38. Hofu kwamba maneno hukatwa kimyakimya bado ni ya kweli. Bafa ya 20 itakuachia "Safari ya Dar es Sa". Haianguki, inasomeka, na si sahihi. Je, lingekuwa jina la faili la kufutwa? strlcpy hurudisha urefu kamili uliohitajika, lakini wengi hawauangalii.

Kwa kazi hii ya kubadilisha niko na malloc. Bafa naikubali pale tu fanksheni inaporudisha urefu unaohitajika na mwitaji akaulinganisha na ukubwa wa bafa kabla ya kugusa matokeo.